Yupo, Yuko au Yumo? Mahali pa Sauti ya Hedifoni katika Tamthilia ya The Encounter

Ikisiri

Hedifoni humpa msikilizaji mikondo miwili tu ya sauti, mmoja kwa kila sikio. Hata hivyo, kwa ufundi uliokomaa katika karne ya ishirini, mikondo hiyo miwili inaweza kumfanya aamini kwamba mtu amesimama nyuma yake, au mbu anazunguka kichwani pake. Makala haya yanahakiki matumizi ya ufundi huo katika The Encounter, tamthilia ya kampuni ya Complicité ya Uingereza iliyotungwa na kutendwa na Simon McBurney kuanzia mwaka 2015. Chombo chetu cha uhakiki ni ngeli za mahali za Kiswahili, yaani PA, KU na MU, pamoja na vionyeshi vyake. Tunadai mambo mawili. Kwanza, sifa nyingi za tamthilia hii zimeelekezwa kwenye msitu unaosikika kumzunguka msikilizaji, ilhali nguvu yake kubwa imo katika sauti inayokataa kutoka nje na kubaki humu kichwani. Pili, uamuzi huohuo una gharama ya kimaadili, kwa kuwa mhusika anayebebeshwa sauti ya humu ndiye asiyepewa mahali pa kusimama.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa fasihi simulizi wametufundisha kuhesabu mambo yanayokamilisha utendaji: fanani, hadhira, mandhari, wakati, ala na ishara za mwili. Mahali huhesabiwa pia, lakini kwa kawaida huchukuliwa kuwa jambo la wazi lisilohitaji mjadala. Fanani yupo katikati au mbele, hadhira imemzunguka, sauti inatoka anakoonekana. Mtoto aliyekaa upande wa kushoto wa bibi yake anasikia hadithi kutoka kulia, na mtoto wa upande wa pili anaisikia kutoka kushoto. Hadithi ni moja, lakini kila msikilizaji ana pembe yake.

Redio iliuvunja mpangilio huo. Msikilizaji wa tamthilia ya redio anajua kwamba sauti zote zinatoka katika sanduku lililo mezani, na anakubali kwa hiari kwamba sanduku hilo ni sokoni, mahakamani au baharini. Hedifoni imekwenda hatua nyingine zaidi. Imeliondoa sanduku na kumwachia msikilizaji sauti isiyo na chanzo kinachoonekana. Swali la mahali, ambalo kwa fanani halikuhitaji kuulizwa, sasa linakuwa tatizo la kisanaa: sauti hii ipo wapi?

Swali hili si geni kwa wasanii wa Ulaya. Mwaka 1881, katika Maonyesho ya Umeme mjini Paris, Clément Ader alipanga vipokea sauti vya simu mbele ya jukwaa la Opera na kuvipeleka kwa nyaya hadi kwenye ukumbi wa maonyesho, ambako kila msikilizaji alishika visikilizio viwili, kimoja kwa kila sikio. Wasikilizaji waligundua kwamba waimbaji walisikika wakihama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwaka 1933, maabara ya Bell nchini Marekani ilionyesha mjini Chicago sanamu ya mtu iliyoitwa Oscar, yenye maikrofoni pale yalipo masikio. Mwaka 1973, mjini Berlin, ilitolewa tamthilia ya redio iitwayo Demolition, iliyorekodiwa kwa kichwa bandia. Tamthilia hiyo ilitokana na riwaya ya Alfred Bester inayohusu watu wenye uwezo wa kusoma mawazo ya wenzao. Tutalirudia jambo hilo, kwa sababu halionekani kuwa la bahati nasibu.

Makala haya yamejikita katika kazi moja, nayo ni The Encounter. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika Tamasha la Kimataifa la Edinburgh mwezi Agosti 2015, ikapelekwa London na New York, kisha mwaka 2020, kumbi zilipofungwa kwa sababu ya korona, rekodi yake ikawekwa mtandaoni kwa muda. Rekodi hiyo, iliyosikilizwa kwa hedifoni, ndiyo msingi wa uhakiki huu.

2.0 Sikio linavyojua mahali

Hatuwezi kuhakiki ufundi tusioelewa jinsi unavyofanya kazi. Kwa hiyo ni lazima kueleza kwa ufupi jinsi binadamu anavyotambua sauti inakotoka.

Jambo la kwanza ni wakati. Sauti inayotoka upande wa kulia hulifikia sikio la kulia kabla ya la kushoto. Tofauti hiyo ni ndogo mno: kwa kichwa cha mtu mzima, haizidi takribani milisekunde 0.6 hadi 0.7. Jambo la pili ni nguvu. Kichwa ni kizuizi. Kinatupa kivuli cha sauti kwenye sikio la mbali, hasa kwa sauti nyembamba. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliyaunganisha mambo haya mawili katika nadharia aliyoitoa mwaka 1907: sauti nzito tunazitambua kwa tofauti ya wakati, nyembamba kwa tofauti ya nguvu, na mpaka kati yake uko karibu na hezi 1500.

Nadharia hiyo inaeleza kulia na kushoto, lakini haielezi mbele na nyuma, wala juu na chini. Sauti iliyo mbele kabisa na iliyo nyuma kabisa hufika katika masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Hapa ndipo umbo la sikio la nje linapoingia kazini. Mikunjo yake hupunguza baadhi ya masafa na kuongeza mengine kulingana na pembe inakotoka sauti, na ubongo hujifunza tangu utotoni kuisoma alama hiyo. Mikunjo ya masikio yako si mikunjo ya masikio yangu. Kila mtu amejifunza kusoma kwa masikio yake mwenyewe.

Jambo la tatu ni shingo. Mwaka 1940, Hans Wallach alionyesha kwamba tunapogeuza kichwa, mabadiliko yanayotokea katika masikio mawili hutuambia kama sauti ipo mbele au nyuma. Ndiyo maana mtu aliyeitwa gizani hugeuza kichwa kabla ya kuitika.

Sasa tuiweke sauti katika hedifoni. Wimbo au hotuba ya kawaida, ikiingia sawasawa katika masikio yote mawili bila alama za mikunjo, bila mwangwi wa chumba na bila mabadiliko ya shingo, haisikiki nje. Inasikika katikati ya kichwa, kati ya sikio na sikio. Wahandisi wameliona jambo hili kuwa kasoro, na sehemu kubwa ya utafiti wao imekuwa juhudi ya kuitoa sauti hiyo nje ya fuvu. Njia mojawapo ni kuhesabu kwa kompyuta alama ambazo kichwa na masikio huziacha kwenye sauti, kisha kuziongeza kwenye rekodi. Njia nyingine, ya zamani zaidi, ni kichwa bandia: sanamu yenye masikio ya mpira na maikrofoni ndani yake. Kinachosikiwa na sanamu ndicho kinachosikiwa na mwenye hedifoni.

3.0 PA, KU na MU kama vyombo vya uhakiki

Lugha zinazotumiwa katika maandishi mengi kuhusu ufundi huu zina neno moja la karibu na moja la mbali. Kiswahili kina hazina kubwa zaidi. Ngeli ya PA hutaja mahali dhahiri, panapoweza kuoneshwa kwa kidole: hapa, hapo, pale. Ngeli ya KU hutaja eneo au mwelekeo usio na mipaka bayana: huku, huko, kule. Ngeli ya MU hutaja undani: humu, humo, mle. Mizizi hiyo hujitokeza pia katika virejeshi vya mahali: yupo mlangoni, yuko safarini, yumo chumbani. Wasemaji wa Kiganda, Kinyarwanda na Kirundi watazitambua ngeli hizi mara moja, kwa kuwa lugha zao zina ndugu zake, tena zikiwa hai zaidi kuliko zetu. Katika mazungumzo ya kila siku ya Kiswahili, MU imeanza kuachia nafasi yake. Wengi husema chumbani kuna giza pale ambapo wazee wangesema chumbani mna giza.

Tukiziweka ngeli tatu dhidi ya viwango vitatu vya vionyeshi, tunapata nafasi tisa. Jedwali hilo la nafasi tisa linatufaa katika uhakiki kwa sababu mbili. Kwanza, linatenganisha mambo ambayo wahandisi huyachanganya. Wanapouliza kama sauti iko nje au ndani, wanauliza kuhusu MU dhidi ya PA. Wanapouliza kama msikilizaji anaweza kuonesha kidole inakotoka, wanauliza kuhusu PA dhidi ya KU. Haya ni maswali mawili. Sauti inaweza kuwa nje bila kuwa mahali bayana, kama mvua inavyosikika.

Pili, kiwango cha kati cha vionyeshi, yaani hapo, huko na humo, aghalabu humhusu msikilizaji. Hapo ni mahali ulipo wewe ninayezungumza nawe, au mahali tulipokwisha kupataja sisi sote. Ni kionyeshi cha mazungumzo: kinakiri kwamba kuna mwingine, naye ana mahali pake. Katika kichwa bandia, kiwango hiki hupotea. Mtendaji anayenong'ona katika sikio la mpira na kusema kwamba yupo hapa, ameiteka hapa ya msikilizaji. Mahali pake na mahali pa msikilizaji pamekuwa pamoja. Hakuna tena hapo. Kwa desturi zetu, mtu haingii katika hapa ya mwenzake kabla hajabisha hodi. Swali la kuiuliza kila kazi ya aina hii, basi, ni hili: je, sauti imebisha hodi?

4.0 Uhakiki wa The Encounter

4.1 Hodi ya mwanzo

Tamthilia inaeleza habari za Loren McIntyre, mpigapicha Mmarekani aliyeingia katika bonde la mto Javari, mpakani mwa Brazili na Peru, mwaka 1969. Alikutana na watu wa kabila la Mayoruna, akawafuata msituni akiwapiga picha, akasahau kuweka alama za njia ya kurudi. Akiwa amepotea kati yao, bila lugha ya pamoja, alianza kuamini kwamba mzee wa kundi hilo alikuwa akiwasiliana naye moja kwa moja akilini, bila kufungua kinywa. Mwandishi Petru Popescu aliyaandika masimulizi hayo katika kitabu Amazon Beaming (1991), na McBurney akakitumia kitabu hicho kama msingi wa tamthilia yake.

Jukwaa ni tupu kiasi: meza, chupa za maji, maikrofoni kadhaa, ukuta wa nyuma wenye sponji ya kunyonya mwangwi, na katikati, juu ya nguzo, kichwa bandia cha kijivu. Hadhira yote imevaa hedifoni. Usanifu wa sauti ni wa Gareth Fry na Pete Malkin, na mwaka 2017 ulipewa Tuzo maalumu ya Tony mjini New York.

McBurney haanzi na msitu. Anaanza kama mtu anayepiga soga kabla ya onyesho. Anawaomba watazamaji wavae hedifoni, anahakikisha kwamba kulia ni kulia na kushoto ni kushoto, anatembea kukizunguka kichwa bandia huku akizungumza, kisha anapuliza pumzi katika sikio la sanamu. Wengi wameshuhudia kwamba walihisi joto la pumzi hiyo masikioni mwao, ingawa hedifoni haina uwezo wa kutoa joto. Ubongo umeujazia mwili kilichokosekana.

Wahakiki wengi wameisoma sehemu hii kama onyesho la ufundi. Sisi tunaisoma kama hodi. Mtendaji anaonesha mkono wake kabla ya kuutumia. Anamwambia msikilizaji: nitaingia hapa pako, na hivi ndivyo nitakavyoingia. Kutoka hapo, jicho na sikio haviachi kubishana. Jicho linaona kwamba mtu yupo pale, jukwaani, hatua nyingi kutoka kitini. Sikio linasisitiza kwamba yupo hapa, begani. Hadhira inashikilia pale na hapa kwa wakati mmoja, na haidanganywi, kwa kuwa imeoneshwa pa kushikia. Huu ni uaminifu wa kisanaa unaostahili sifa.

4.2 Msitu unaogeuka na shingo

Baada ya hodi, msitu unajengwa. Mtendaji anavuruga rundo la ukanda wa video, na majani yanachakarika. Anatikisa chupa, na mto unapita. Anaifinyanga pakiti ya krispi, na moto unawaka. Sauti hizo hunaswa, zikarudiwarudiwa na kupangwa moja juu ya nyingine hadi mtu mmoja anakuwa bonde zima. Mbu anapopita kutoka sikio moja hadi jingine, mkono wa msikilizaji unataka kunyanyuka.

Ni kazi ya ustadi, na hatuna nia ya kuipunja. Lakini tukiipima kwa jedwali letu, tunaona udhaifu ambao sifa zimeufunika. Mbu yupo: ana mahali bayana, ni wa PA, naye anafaulu kabisa. Msitu, hata hivyo, unadai kuwa wa KU. Unataka kuwa kule kusikokuwa na mipaka, kunakomzunguka mtu pande zote. Sharti la kwanza la kule ni kwamba kusiniandame. Nikigeuka, kule kubaki kule. Hedifoni zinazotumika hapa hazina kifaa cha kufuatilia mzunguko wa kichwa. Msikilizaji akigeuza shingo kumtazama jirani yake, msitu mzima unageuka naye. Ndege aliyekuwa kulia anabaki kulia, hata kama kulia sasa ni mlangoni.

Kwa lugha ya Wallach, shingo imeuliza swali na haikujibiwa. Kwa lugha ya ngeli zetu, msitu unaobebwa shingoni hauwezi kuwa kule. Ni msitu uliomo. Msikilizaji anayekaa wima bila kutikisika ataudhani kuwa uko nje; akijongea tu, unaporomoka na kuwa kitu kilichofungwa kichwani mwake. Ndiyo maana dakika ndefu za kujenga mandhari, ambazo katika usikilizaji wa kwanza hushangaza, katika usikilizaji wa pili huanza kuchosha. Zinathibitisha tena na tena jambo ambalo mbu alikwisha kulithibitisha kwa ukamilifu.

4.3 Sauti iliyomo

Tugeukie sasa upande wa pili. McBurney hatumii kichwa bandia peke yake. Anapokuwa McIntyre, husemea katika maikrofoni nyingine inayoishusha sauti yake ikawa nzito, ya Kimarekani. Sauti hiyo haina pembe wala umbali. Katika hedifoni, inasikika pale ambapo wahandisi wangependa sauti yoyote isisikike: katikati ya fuvu. Haipo, haiko, imo.

Hapa ndipo umbo na maudhui vinapokutana. Hii ni hadithi ya mtu anayesikia maneno yasiyopita hewani. Tukio lake kuu halina mahali isipokuwa humu. Tamthilia ya kawaida, yenye waigizaji wawili jukwaani, ingelazimika kumpa mzee wa Mayoruna mdomo na mahali, na mara ile ile muujiza ungekuwa mazungumzo tu. Spika za ukumbini zingeitoa sauti kule ukutani. Hedifoni pekee, kwa kasoro yake ile ile inayolaaniwa na wahandisi, inaweza kumweka msikilizaji katika hali ya McIntyre: nasikia neno, sijui kama limetoka kwa mwingine au ni wazo langu mwenyewe. Kilichokuwa kosa la kifaa kimekuwa maana ya kazi.

Sasa tunaweza kurudi kwenye Demolition ya mwaka 1973. Tamthilia ile ya Berlin nayo ilihusu mawazo yanayopita kutoka kichwa hadi kichwa. Kazi mbili zilizotenganishwa na zaidi ya miaka arobaini zimechagua maudhui ya aina moja, na tunaona sababu moja: mwandishi mwenye kusikiliza vizuri hutambua mapema kwamba hedifoni ni nyumba ya MU, naye hutafuta hadithi inayoweza kukaa humo.

4.4 Asiye na mahali

Tukiishia hapo, uhakiki wetu utakuwa nusu. Tuwahesabu wahusika kwa mahali pao. McBurney yupo: tunamwona jukwaani, na tunajua ni nani. Binti yake, ambaye sauti yake inakatiza kazi ya baba usiku, anasikika kama mtoto aliyesimama chumbani, naye yupo pia. McIntyre yumo, lakini ana mwili wa kuazima, yaani mwili wa mtendaji. Mzee wa Mayoruna je? Hana mwili jukwaani. Hatumsikii akiwa pale na watu wake, akizungumza nao kwa lugha yake kwa maana tunayoweza kuifuata. Maneno yake yote yenye maana yanatufikia yakiwa yamekwisha kupita katika kichwa cha mgeni. Yumo, na hana pengine popote.

Mtetezi wa tamthilia atasema kwamba huo ndio ukweli wa chanzo: McIntyre hakujua lugha ya Kimayoruna, na kumpa mzee maneno ya hadharani kungekuwa kumbunia. Atasema pia kwamba chupa na pakiti za krispi zinatukumbusha kila mara kwamba msitu huu umetengenezwa na Mwingereza, wala hakuna anayedai kuuleta msitu wenyewe. Hoja hizi ni nzito, nasi tunazikubali kwa kiasi. Lakini kukiri kwamba mlango umefungwa si sawa na kuufungua. Kazi inayojua hivyo kumweka mbu mahali pake, kwa usahihi wa sehemu ya milisekunde, inapaswa kuulizwa kwa nini mbu amepewa PA na mzee amenyimwa. Ufundi ulikuwepo. Uamuzi ndio uliokosekana.

5.0 Ulinganisho na Blindness

Mwezi Agosti 2020, ukumbi wa Donmar Warehouse mjini London ulifungua milango kwa kazi iitwayo Blindness, iliyotoholewa na Simon Stephens kutoka riwaya ya José Saramago ya mwaka 1995. Hakukuwa na mwigizaji ukumbini. Watazamaji walikaa mbalimbali kwa sababu ya korona, wakavaa hedifoni, na kwa sehemu kubwa wakawekwa gizani huku sauti ya Juliet Stevenson, iliyorekodiwa kwa kichwa bandia, ikizunguka karibu yao.

Mpango wa kazi hiyo unapingana na wa The Encounter katika jambo moja la msingi. McBurney anaonesha mkono, Blindness inauficha. Giza linaliondoa jicho katika mabishano, na pale linapoondoka, hapa inashinda bila mpinzani. Kwa riwaya inayohusu mji uliopofuka, uamuzi huo una mantiki yake: msikilizaji anapoteza kile ambacho wahusika wamekipoteza. Lakini mtu aliye gizani, aliyenong'onezewa sikioni na asiyeweza kumwona anenaye, hajabishiwa hodi. Hofu anayoipata ni ya kweli. Swali ni kama ameipata kutoka katika hadithi au kutoka katika mpango wa ukumbi. Kwa kipimo hiki, tunaiona The Encounter kuwa kazi yenye adabu zaidi kwa msikilizaji wake, hata pale inapokosa adabu kwa mhusika wake.

6.0 Kichwa cha nani?

Lipo suala la mwisho. Kichwa bandia kina umbo moja. Msikilizaji ambaye mikunjo ya masikio yake inakaribiana na ya sanamu atasikia sauti ikiwa mbele. Mwingine, aliyeketi kando yake, ataisikia sauti ile ile ikiwa nyuma, au haitatoka nje ya kichwa kabisa. Anayesikia kwa sikio moja hatapata mahali pa sauti kwa njia hii. Mtoto aliyekaa kushoto mwa bibi yake alikuwa na pembe yake mwenyewe na masikio yake mwenyewe. Hadhira ya hedifoni hupewa pembe moja na masikio ya kuazima.

Hili halitoshi kuulaani ufundi. Mwaka 1998, Hofman na wenzake nchini Uholanzi waliwawekea watu vibandiko vilivyobadilisha mikunjo ya masikio yao. Mwanzoni watu hao walipoteza uwezo wa kujua sauti iko juu au chini. Baada ya wiki chache waliurudisha, na vibandiko vilipotolewa hawakuwa wamesahau masikio yao ya asili. Sikio, kama mwanafunzi wa lugha, linaweza kumiliki mifumo miwili. Lakini lilihitaji wiki, na tamthilia hii ina takribani saa mbili. Hivyo mhakiki anayeandika kwamba sauti ilikuwa nyuma yake anapaswa kukumbuka kwamba anaripoti masikio yake, si kazi peke yake. Nasi tunajihesabu katika onyo hilo.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kwamba ngeli za mahali za Kiswahili, ambazo hufundishwa madarasani kama orodha ya kukariri, ni chombo kinachoweza kuona tofauti zinazofichwa na lugha yenye nje na ndani tu. Kwa chombo hicho tumeipima The Encounter na kuona kwamba inafaulu katika PA ya mbu, inayumba katika KU ya msitu, na inafikia kilele chake katika MU ya sauti isiyo na kinywa. Tumeona pia kwamba kilele hicho kimejengwa juu ya mzee ambaye hakupewa hata hatua moja ya ardhi ya kusimama.

Watunzi wa tamthilia za redio za Kiswahili, ambao wasikilizaji wao sasa wanazidi kusikiliza kwa simu na hedifoni, watakutana na ufundi huu. Tunawashauri wasianze kwa kuuliza jinsi ya kuizungusha sauti kichwani. Waanze kwa kuamua, kwa kila mhusika, kama yupo, yuko au yumo, na kwa sababu gani. Kwa mtunzi wa Kiswahili hilo ni swali la sarufi aliyoizaliwa nayo. Tena, asiache MU ipotee midomoni mwa wasemaji wakati ule ule ambapo sanaa mpya imeanza kuihitaji.